Chupa Yenye Uzi Mwekundu

Mtu mnene huhukumiwa kabla kesi yake haijasikilizwa. Mimi nimeolewa na mmoja, kwa hiyo nasema ninachokijua. Mume wangu akipumua kwa nguvu, watu husema ni mafuta. Akikohoa, mafuta. Siku moja alijigonga kidole cha mguu kwenye meza ya pasi, na jirani aliyekuwa mlangoni akamshauri apunguze kula. Nyumbani na mtaani wanamwita Bonge, naye huitika vizuri tu, kwa sababu ni mtu wa moyo mweupe, na kwa sababu tangu utotoni hakuna aliyemuuliza kama jina analitaka.

Mdogo wake ni Njiti. Huyo sina haja ya kumweleza sana, akikaa ubavu unaweza kumpita ukimtafuta. Walitoka tumbo moja wakalelewa na sufuria moja, ila inaonekana kaka mtu aliwahi kuchukua mwili wa wote wawili. Sote tulifanya kazi chumba kimoja, chini ya nyumba tunayoishi. Mama yao, mkwe wangu, alipima na kukata. Mimi nilikaa kwenye mashine. Bonge alipiga pasi na kufunga mizigo, na Njiti alikwenda na ngazi yake kwenye nyumba za watu kutundika mapazia tuliyoshona.

Mkwe wangu anaitwa Mama Futi, kwa ajili ya futi ya kupimia inayoning'inia shingoni mwake tangu asubuhi hadi anapozima taa. Futi ile iliheshimiwa kuliko hakimu. Alimjua mwenye mimba kabla mwenyewe hajajijua, na akikuzungushia kiunoni alikwambia kama una furaha nyumbani kwako. Chumbani mwake kulikuwa na sheria moja ambayo hata mimi, na mdomo wangu huu, sikuwahi kuibishia. Kitambaa cha mteja kikiingia hufungwa uzi wa rangi yake palepale, na uzi haukatwi mpaka mwenyewe aje kuchukua mzigo. Zamani, kabla sijaolewa, mapazia ya waridi ya bibi harusi yaliishia kwenye dirisha la ofisi ya mazishi, na ya ofisi ya mazishi yakaenda kwa bibi harusi. Tangu hapo mama aliamini kwamba vitu vya watu vikilala pamoja bila uzi, lazima vitabadilishana.

Aliyempeleka Bonge hospitali kupima mafuta kwenye damu ni mimi. Nilikuwa nimechoka na ushauri wa majirani. Aliambiwa aende asubuhi bila kunywa hata chai, na Njiti, kwa huruma ya kindugu, naye akaacha chai yake akaenda kumsindikiza. Nesi alipomaliza na Bonge alimtazama msindikizaji akamwambia akae, naye atolewe damu, maana tumbo tupu halipatikani kila siku. Njiti akakaa kwa mzaha. Alisema anataka tu kuona kama damu ipo.

Majibu yalipotoka, daktari aliwaita wote wawili. Bonge damu yake safi kabisa. Njiti yake mbaya, mafuta yale ambayo madaktari huyaita lehemu yamezidi kipimo zaidi ya mara mbili. Akampa vidonge vya kumeza kila siku, akamwambia asikose kurudi apimwe na moyo. Njiti alisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za jirani yake.

Nyumbani mama alicheka hadi akafuta machozi kwa kipande cha kitambaa. Akamzungushia Njiti futi kiunoni, akaisoma, akamzungushia Bonge, ikabidi arefushe mikono. Halafu akatoa hukumu. Alisema chupa zimebadilishana. Alisema hata mtoto wa chekechea angejua ya nani ni ya nani. Aliuliza kama walifunga uzi, na Njiti alipojibu kwamba hospitali hawafungi uzi, mama aliangalia dari kama mtu aliyekwisha kumaliza kazi.

Basi vidonge vya Njiti akapewa Bonge. Mboga za kuchemsha zikawa za Bonge. Siagi, ngozi ya kuku, nyama yenye mafuta na mayai ya kukaanga vikaendelea kwa Njiti, na kwa kuwa sasa Bonge havili, sehemu yake nayo ikahamia sahani ileile.

Nilijaribu kusema. Nilisema nesi aliandika majina kwenye chupa mbele ya macho yao, Njiti mwenyewe ametusimulia. Mama akajibu kwamba hata yeye zamani alikuwa anaandika, na bado bibi harusi alipata mapazia ya maiti. Ningefanya nini? Kusema majibu ni ya kweli ilikuwa ni kusema wangu ni mzima na mwingine ndiye mgonjwa. Mke wa mwana akitamka hivyo, anaonekana anampokonya mama mtoto mmoja ili amtue mwingine mzigo. Nikameza maneno, na maneno yangu huwa hayashuki kirahisi.

Na Bonge wangu akakubali. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Hakubishana hata kidogo, kwa kuwa moyoni alikwisha kuamini siku nyingi kwamba pakitafutwa mwenye kosa, ni yeye. Alimeza vidonge vya mdogo wake kila jioni kwa utiifu wa mtoto wa shule. Alitafuna mboga zisizo na chumvi macho yakiwa kwenye sahani ya Njiti, akila kwa macho. Nilimwambia, baba, wewe huumwi. Akanijibu taratibu kwamba mtu mwenye mwili kama wake hawezi kuwa haumwi.

Kwa upande wa Njiti, mama alikuwa akisimama nyuma ya kiti chake mpaka sahani iwe tupu. Si kwamba Njiti alikuwa mlafi. Mara nyingi alishiba mapema akasukuma sahani, na mama akairudisha. Akisema ameshiba, mama alikunja uso kwa hofu, hofu kabisa, na Njiti akachukua kijiko tena ili asimwone mama yake hivyo. Mimi niliona hofu ile nikaidhani ni ukaidi wa uzee. Kulikuwa na mtoto pia, binti wa Njiti, ambaye mama yake alifanya kazi mji mwingine na kuja mwisho wa mwezi. Naye mwembamba, naye alisimamiwa hadi amalize.

Tuliishi hivyo miezi kadhaa. Bonge alipungua kidogo, mama akampongeza, na mimi nikanyamaza.

Siku niliyoacha kunyamaza, tulikwenda mimi na Njiti kwa mwalimu mmoja mstaafu, mwenye sebule ya madirisha marefu. Kazi yangu ilikuwa kushika ngazi. Njiti alipanda na bomba la pazia begani huku akipiga mluzi, kama kawaida yake. Katikati ya ngazi mluzi ulikatika. Mbele ya macho yangu palikuwa na visigino vyake tu, vimetulia, viatu vimekanyagwa nyuma. Hakuwahi kuvaa kiatu kikamfunika kisigino, kwa sababu pale juu ya visigino kano zake zilikuwa nene, zina vinundu vigumu, na sisi tulisema ni kupanda ngazi. Nikamwita. Hakujibu. Nikapanda hatua mbili nikamshika miguu yote miwili, nikamwambia kwa sauti ya chini aniachie hilo bomba, nalo likashuka polepole mgongoni mwangu.

Aliposhuka alikuwa wa kijivu. Asubuhi ilikuwa na ubaridi, lakini shati lake limelowa. Alikaa sakafuni, kiganja katikati ya kifua, akapumua, na baada ya muda rangi yake ikarudi.

"Ni gesi, shemeji," akasema. "Inakuja nikipanda, nikikaa inaondoka. Usimwambie mama."

Nikamuuliza imeanza lini. Akasema ni wiki nyingi sasa, lakini ni gesi tu. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na mimi sikuwa tayari kukaa nisubiri kilio hicho huku naifahamu njia yake. Bonge alikwisha kunisimulia jinsi baba yao alivyoanguka kazini, mtu mwembamba mwenye nguvu, kabla hajafikia umri alionao Njiti sasa. Katika nyumba ile jambo hilo halizungumzwi, na mama akilisikia likikaribia hutoka akaenda kuanua nguo, hata kama hakuna nguo kwenye kamba.

Tulirudi na mapazia yetu. Mama alipouliza mbona hayakutundikwa, Njiti akaanza habari ya kuta zisizoshika misumari. Nikamkatiza. Nikasimulia yote mbele yake, mluzi, jasho, mkono kifuani. Mama aliacha mkasi juu ya kitambaa, lakini mdomo wake ulikuwa tayari unajipanga kusema gesi, niliuona. Kubishana naye kuhusu damu kungekuwa kazi bure. Nikabishana naye kwa sheria yake.

"Mama, ulisema hawakufunga uzi," nikamwambia. "Sawa. Twende tukapime tena, na uzi ufunge wewe mwenyewe kwa mkono wako. Majibu yakibadilika, mimi sitasema tena neno ndani ya nyumba hii."

Bonge aliacha pasi hewani. Kwangu mimi, kuahidi kunyamaza maisha yote si ahadi ndogo. Mama alinitazama, kisha akamtazama Njiti, ambaye alikuwa bado anajitafutia gesi yake, na nadhani alichokiona usoni pale hakikuwa kigeni kwake. Akafungua droo akatoa kigurudumu cha uzi mwekundu na kingine cha kijani.

Asubuhi yake tulikwenda wote wanne, hakuna aliyekunywa chai. Nesi alikuwa yuleyule. Nilimweleza ombi letu nikitegemea atatufukuza, lakini alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye subira. Alisema amewahi kuombwa mambo ya ajabu zaidi, na uzi nje ya chupa haumdhuru mtu. Damu ya Njiti ilipoingia kwenye chupa, mama aliichukua ikiwa bado ina joto, akaizungushia uzi mwekundu, akakaza fundo ambalo ningelijua popote duniani. Ya Bonge akaifunga wa kijani. Kisha akaomba akae pale mpaka vipimo viishe. Wakamwekea kiti kwenye korido, karibu na mlango wa maabara, na hapo akakaa na futi yake shingoni, macho hayatoki mlangoni.

Mimi nilikaa na Njiti benchi la nje. Hapo ndipo alipoacha mzaha. Aliniambia, bila kunitazama, kwamba mara ya kwanza alimwamini daktari. Nikamuuliza kwa nini basi alikubali. Akasema ukiambiwa unaumwa na ukaambiwa huumwi, zote siku moja, huchagui ile ya kuumwa. Halafu akasema anaogopa sana, shemeji, kwa ajili ya binti yake. Nilimshika mkono. Nilikuwa nimemkasirikia miezi mingi, na hasira zote zikaniisha pale benchini.

Mtu wa maabara alipotoka alibeba kibao chenye chupa zote mbili, kwa sababu mama alikuwa amesisitiza azione. Mafundo yalikuwa mazima. Mama aliyagusa moja moja kwa ukucha. Kisha tukaitwa kwa daktari.

Safari hii hakuna aliyecheka. Chupa yenye uzi wa kijani ilikuwa safi, safi kuliko mara ya kwanza. Chupa yenye uzi mwekundu ilikuwa vilevile, mbaya. Daktari alishangaa lehemu ya Njiti haijashuka hata kidogo na vidonge anameza, akauliza anavimeza saa ngapi. Bonge akakohoa, akasema kwa aibu kwamba vidonge alikuwa anameza yeye.

Daktari alivua miwani. Alimwambia Bonge kwamba dawa ya mtu si peremende, aache leo hii, na kwamba mwili wake mkubwa unaweza kuwa na kesi nyingine za kusikiliza siku nyingine, lakini hii si yake. "Wewe hili huna," alimwambia waziwazi. Mume wangu aliniangalia kama mtu aliyeachiwa huru akiwa hajui milango ya kutokea.

Kisha daktari akamwomba Njiti avue viatu. Akabonyeza kano za visigino kwa kidole gumba, akabonyeza na vifundo vya vidole vya mkono, akamulika macho yake. Akatueleza kwamba vinundu vile si vya ngazi. Ni lehemu yenyewe, imejaa ikakosa pa kukaa. Lehemu, alisema, kila mwili unaihitaji, na nyingi hutengenezwa na ini, haitoki kwenye sahani. Ini hilohilo ndilo huiokota inapozidi kwenye damu. Kuna watu huzaliwa na ini lisiloweza kuiokota vizuri. Kwao huanza kujibandika kwenye kuta za mishipa tangu utotoni, kidogo kidogo, bila maumivu, mtu awe mnene au awe mwembamba kama fito. Nikafikiria mashine zetu, jinsi mafuta yanavyoshika vumbi la vitambaa ndani yakawa magumu, na nje mashine inang'aa.

Walimlaza Njiti kitandani, wakampima moyo hukohuko, na tukasubiri roho mkononi. Mishipa ilikuwa imeanza kuwa myembamba, lakini moyo haujaumia. Daktari akaagiza aanze dawa siku hiyohiyo, apunguze nyama za mafuta kweli, na ngazi aachie wengine mpaka aruhusiwe. Akiendelea na dawa, alisema daktari, anaweza kuzeeka. Ugonjwa huu hurithiwa, kwa hiyo hata binti yake aletwe apimwe mapema. Mama akasema atamleta yeye mwenyewe.

Nilidhani hapo tumemaliza, nikasimama. Mama hakusimama. Alikuwa ameishika futi kwa mikono miwili mapajani mwake.

"Daktari, unasema hurithiwa," akasema. "Baba yao alikuwa anakanyaga viatu nyuma kama huyu. Nilimsema sana kwa hilo. Alikuwa mwembamba, na alianguka kazini akiwa kijana."

Daktari akasogeza kiti chake karibu.

"Msibani ndugu zake walisimama mbele za watu," mama akaendelea, "wakasema mimi ndiye niliyemuua. Kwamba nilimpunja chakula mpaka akabaki mifupa. Kweli siku zile chakula kilikuwa kidogo, na watoto niliwapakulia kwanza. Sijawahi kumuuliza mtu. Nakuuliza wewe. Nilimpunja?"

Bonge na Njiti walikuwa wametulia kama watoto walioamka wakakuta wakubwa wanalia. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Miaka yote ile nilimwona amesimama nyuma ya kiti cha Njiti na nikamwita mkaidi moyoni mwangu, kumbe alikuwa amesimama mbele ya ndugu wa mumewe, anajibu mashtaka.

Daktari alisema hawezi kumpima mtu aliyekwisha kufa. Lakini kwa umri ule, kwa viatu vile, na kwa mtoto huyu aliyeko kitandani, anaamini ulikuwa ugonjwa huuhuu. "Haukutokana na njaa, mama," akasema. "Ungempa kingi, ungempa kidogo, damu yake ingekuwa vilevile. Wakati ule hakuna aliyempima. Hukumpunja."

"Rudia," mama akasema. "Wanangu wasikie."

Daktari akarudia, neno kwa neno, pole pole. Mama aliinamisha kichwa akalia kwa sauti, kilio kirefu ambacho nadhani alinyimwa siku ya mazishi, maana mshtakiwa haruhusiwi hata kulia. Bonge alipiga magoti akamkumbatia. Njiti alinyoosha mkono kutoka kitandani akaufikia ukingo wa gauni lake, akaushika. Mimi nililia pia, na sikutaka mtu aniambie ninyamaze.

Jioni Njiti aliruhusiwa, na tuliporudi nyumbani mama aliingia jikoni, akakataa nimsaidie. Alipika maharage na mboga, mafuta tone tu, sufuria moja kwa wote. Njiti alimeza kidonge chake mbele yetu. Katika miaka yote niliyokaa nyumba ile sikuwahi kumwona mama akigusa chakula kabla wanawe hawajamaliza, na mara nyingi alikula kilichobaki kwenye sahani zao, amesimama. Siku hiyo alijipakulia wa kwanza, akavuta kiti, akaketi, akala mpaka akashiba.